Mkaa wa Mfuko wa Kwanza

Jumatano, mwezi wa saba. Dirma, saa tisa mchana.

Baridi. Upepo unashuka kutoka mlimani tangu asubuhi na umebeba vumbi la mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Mlima Hanang wenyewe hauonekani, umejifunika mawingu mpaka kiunoni. Nimekaa nyuma ya nyumba, upande usio na upepo, nimevaa makoti mawili, naandika kwa kidole gumba kwenye simu.

Leo nimempigia profesa wa chuo na kumwambia kwamba mimi ni mwongo.

Sikutumia neno hilo hasa. Nilisema maelezo niliyotoa mwanzo hayakuwa sahihi. Neno lile lingine alilitumia yeye, tena kwa upole, na nikakubali.

Wanaonisoma siku zote wananijua. Kwa aliyefika leo: nina miaka hamsini na miwili, nimezaliwa juu kule Mbulu, nikashuka huku Dirma kufuata malisho na mke. Shule niliishia darasa la sita. Siyo kwa ujinga, bali mwalimu na mimi hatukuelewana. Biashara ilipofunguliwa kila mtu auze anachotaka, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza ukanda huu kuuza betri za tochi na sabuni za kipande kwa baiskeli, kutoka Katesh mpaka Yaeda Chini, njia ambayo hata punda anaifikiria mara mbili. Tulipokatwa kutoka Arusha tukapewa mkoa wetu wa Manyara, gari la wakubwa lilikwama matopeni, na nililitoa mimi na fahali wangu mmoja. Gari lile lilikuwa na watu saba ndani na hakuna aliyeshuka.

Basi, hayo ni mambo ya zamani. Ya leo ni ya Paskalina.

Paskalina ni binti wa dada yangu mkubwa. Ndiye aliyenifungulia hii blogu, akanionyesha pa kubonyeza, akasema, "Mjomba, andika hadithi zako hapa, watu wapumzike kukusikiliza mnadani." Anasoma Arusha, digrii ya juu, ile ambayo mtu anasoma mpaka hakuna tena wa kumfundisha. Kazi yake ni leza.

Leza ni mwanga, lakini siyo mwanga wa tochi. Wa tochi unatawanyika kama mbuzi waliofunguliwa zizini. Wa leza unakwenda pamoja, mstari mmoja, na unapogusa kitu unagusa sehemu ndogo kwa nguvu yote. Nimeuona kwa macho yangu. Katika kata yetu yote ni mimi peke yangu niliyeingia kwenye maabara ile, nikavalishwa koti jeupe na miwani ya plastiki, na mlinzi wa getini akanisalimia daktari.

Anafanya hivi. Anachukua mkaa, anausaga, anaukandamiza kwenye mashine ndogo mpaka unakuwa kidonge cha ukubwa wa sarafu. Kidonge anakiweka ndani ya glasi yenye maji, chini kabisa. Leza inapiga kile kidonge ndani ya maji, pigo kwa pigo, haraka kuliko mtu anavyoweza kuhesabu. Kila pigo linanyofoa chembe za kaboni, ndogo kiasi kwamba elfu kadhaa zikijipanga hazimalizi upana wa unywele mmoja. Baada ya muda maji yanakuwa na rangi ya chai nyepesi. Ukiyamulika kwa taa ya zambarau, ile ambayo benki wanaangalizia noti, yanawaka bluu.

Mkaa unawaka bluu ndani ya maji. Mara ya kwanza nilipoona nilinyamaza, na mimi kunyamaza siyo jambo dogo.

Tena siyo mchezo wa kufurahisha macho. Huku kwetu meno ya kahawia ni ya kawaida, na wapo wazee ambao miguu imepinda kabisa. Ni madini ya floridi yaliyomo kwenye maji ya baadhi ya visima. Mpaka leo, ukitaka kujua kisima chako kikoje, unapeleka chupa mjini unasubiri. Paskalina anasema maji yake yanayowaka yanaweza kumaliza safari hiyo. Unadondosha maji ya kisima, mwanga ukififia, floridi ipo. Chupa ndogo na taa ndogo, hata bibi yako anaweza kupima.

Ila mwanga lazima uwe uleule kila mara. Leo ukiwaka sana na kesho kidogo, utajuaje kama kilichofifisha ni kisima au ni chupa yenyewe? Kwa hiyo kazi yote ya Paskalina ni kudhibiti. Anadhibiti nguvu ya leza, muda wa kupiga, umbali wa lenzi kutoka kwenye kidonge, na kina cha maji juu yake. Ukizidisha nguvu, chembe zinatoka kubwa na mwanga unakuwa mchafu. Maji yakizidi kina, leza inachoka kabla ya kufika. Anatafuta pale ambapo hivyo vinne vinakubaliana. Nilimwambia hiyo ni kulima kwa plau: ng'ombe, mkono, kina, na unyevu wa udongo. Akasema ndiyo hivyohivyo mjomba. Naamini aliandika mahali.

Kitu cha tano ni mkaa wenyewe. Huo, alisema, haubadiliki. Huo unatoka kwa mjomba.

Mwezi wa nne alinipigia. Kaboni ya dukani inatoka nje na inachelewa, na yeye alitaka kitu cha hapa nyumbani, mti mgumu. Akakumbuka mzeituni wa porini, mti ambao mama zetu wanauchoma wapate mkaa wa kusafishia vibuyu vya maziwa. Akasema anahitaji mfuko mmoja mdogo tu, lakini wote utoke mti mmoja, uchomwe kwa pamoja, usichanganywe na kitu.

Nikamwambia umempigia mtu mwenyewe. Nikamwambia naujua mzeituni mmoja juu kule mlimani uliokauka umesimama, nitapanda mwenyewe, nitakata tawi mwenyewe, nitalichoma kwenye shimo siku mbili nikiwa nimekaa pembeni.

Hayo ndiyo niliyosema. Sasa yaliyotendeka.

Goti langu la kushoto haliwezi tena mlima. Lilianza mwaka juzi. Kwenye tambarare natembea kama kawaida na hakuna anayejua, lakini nikipanda linajifunga kama mlango ulioota kutu. Siku ile niliondoka na shoka alfajiri watu wakiniona, nikafika kwenye mteremko wa kwanza, nikakaa juu ya jiwe mpaka jua likawa kali. Kisha nikarudi kwa njia ya nyuma. Basi la Arusha lilikuwa baada ya siku tatu, na dereva alikuwa ameshaambiwa asubiri mzigo wa mtafiti.

Jikoni kwa mke wangu, juu ya moto, kuna kikapu. Ndani yake kuna vijiti vya mzeituni vilivyochomwa ncha mpaka nusu.

Nikavichukua vyote. Nikakata zile sehemu za mkaa kwa panga, nikazipangusa kwa kitambaa, nikatia kwenye mfuko, nikafunga kwa kamba ya katani ionekane ya porini. Na kwa kuwa mfuko mtupu wa maneno haupendezi, nikampigia Paskalina nikamweleza jinsi nilivyoupata. Mti wenyewe, nilisema, watu wanne hawaukumbatii. Shoka lilivunjika mpini mara mbili. Na chui alikaa juu ya tawi la pili muda wote ule akinitazama, tukaheshimiana.

Mama Samweli, mke wangu, alipokosa vijiti vyake akaniuliza. Nikasema labda mbuzi.

Baada ya wiki mbili Paskalina akapiga simu analia. Nilidhani kuna msiba. Kumbe mwanga umewaka mkali kuliko wowote waliowahi kupata pale, na kila alipopima floridi ulififia sawasawa, bila kuyumba. Profesa wake alikuja kuangalia mara tatu, akawaandikia wenzake wa vyuo vingine. Paskalina akaandika kwenye taarifa yake: mkaa wa mzeituni, mti mmoja, umeandaliwa na mjomba wa mtafiti. Akaniambia digrii ikiisha jina langu litakuwa kwenye kitabu.

Nitasema nini. Nilikwenda mnada wa Katesh nikaongea tangu ng'ombe wa kwanza mpaka wa mwisho.

Mfuko ulipoisha akaomba wa pili. Huo nilifanya kweli. Safari hii nilikuwa na muda, nikapanda punda mpaka alipoweza kufika, nikapata tawi la mzeituni lililoanguka lenyewe, nikalichoma kwenye shimo nikilifunika udongo, siku mbili, nimekaa pembeni kama nilivyokuwa nimesema. Mkaa ulitoka mzuri, ukiugonga unalia kama kengele. Sijawahi kuchoma mkaa mzuri hivyo na sidhani kuna aliyewahi.

Haukuwaka.

Yaani uliwaka kidogo, kama jicho la paka likiwa mbali. Paskalina akaanza kugeuza vifundo vya mashine yake. Akapandisha nguvu ya leza, akaishusha. Akasogeza lenzi unene wa kucha, akairudisha. Akapunguza maji, akabadilisha maji, akanunua maji yaliyochujwa ya hospitali. Akarudia kila kitu mara nyingi mpaka daftari likaisha. Akaomba mfuko wa tatu, nao nikautengeneza vilevile kwa bidii, nao ukawa vilevile. Wakamwita fundi wa mashine. Fundi akasema mashine haina tatizo. Paskalina akasema ina tatizo. Wakanuniana.

Hayo ni ya miezi miwili. Na kila alipouliza, "Mjomba, mkaa ni uleule?" nilijibu uleule.

Mwanzoni nilijidanganya mwenyewe pia. Mzeituni ni mzeituni. Mkaa ni mkaa. Nilijiambia kilichoharibika ni mambo ya umeme, na umeme siyo wangu.

Jumapili iliyopita akaja hapa nyumbani, amekonda. Akampa shikamoo mama yake Samweli, akanipa na mimi, akakaa kwenye kigoda jikoni. Akatuambia profesa ameanza kumwangalia vingine. Mtu akipata matokeo makubwa mara moja halafu asiweze kuyarudia, huko chuoni wana swali moja tu: je, yale ya kwanza aliyaona, au aliyatunga? Hajaulizwa bado. Lakini ameambiwa alete madaftari yote, na ameambiwa kuna barua inaandaliwa.

Wakati anaongea, mke wangu alikuwa anashughulikia kibuyu. Yeye ni Mbarbaig wa Getanuwas, na kwa kibuyu cha maziwa hakuna anayemfikia, hilo silisemi kwa sababu ni mke wangu. Anachukua kijiti cha mzeituni chenye kaa jekundu nchani, anakiingiza ndani ya kibuyu, anasugua kuta pole pole kwa kuzungusha. Ndani bado kuna maziwa kidogo ya jana yaliyoshika. Kaa linalia tsss, moshi unatoka na harufu tamu. Anakitoa kijiti, anakirudisha motoni, anakiingiza tena kwenye maziwa. Mara nyingi. Kisha kijiti anakiweka kikapuni juu ya moto, na siku nyingine anakitumia kilekile.

Nimeona hilo tangu nimemuoa. Jumapili ndipo nilipoangalia.

Vijiti vile vilikuwa vimekunywa maziwa miezi na miezi. Mkaa wangu wa shimoni haujawahi kuonja hata tone.

Paskalina akanigeukia. Macho yake ni ya dada yangu kabisa. Akasema taratibu, "Mjomba, sikulaumu kwa lolote. Niambie tu. Ule wa kwanza na huu, ni kitu kimoja?"

Mke wangu alikuwa palepale. Kikapu kilikuwa juu ya kichwa changu.

Nikasema, "Kimoja."

Nataka hilo libaki limeandikwa hapa. Ya mwezi wa nne ni porojo, watu wananijua. Ya Jumapili haikuwa porojo. Nilijua, na nilisema vile. Jumatatu asubuhi nilimsindikiza mpaka barabarani, akapanda pikipiki na begi lake la madaftari, akanipungia mkono kama mtu aliyesaidiwa.

Jumatatu sikula vizuri. Jumanne sikula kabisa.

Leo asubuhi, mke wangu akiwa anamimina maziwa, nikamwambia. Sikuzunguka. Nikasema vile vijiti vyako nilivichukua mimi, nikavipeleka Arusha.

Akaendelea kumimina mpaka mwisho. Akafunika.

"Vile vilivyoliwa na mbuzi," akasema.

"Ndivyo."

"Kumbe mbuzi wetu amefika chuo kikuu."

Akapangusa mdomo wa kibuyu.

"Nilimnunia Mama Daudi hapo jirani wiki nzima. Nilidhani ameazima bila kusema. Ubatizo wa mtoto wake sikwenda."

"Nitamwambia na yeye."

"Utamwambia. Sasa Paskalina anajua?"

"Hajui."

"Alipokuuliza hapa ulikuwa unajua?"

Nikasema nilikuwa najua. Hapo ndipo aliacha utani. Alinitazama kama mtu anayetazama ng'ombe wa kununua, akasema, "Goti lako kila mtu analijua. Mimi nalijua, majirani wanalijua, hata wale wa mnadani. Ulikuwa unamficha nani?" Akafuta mikono. "Piga simu sasa. Mimi nipo hapahapa."

Nikapiga.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekaa?"

"Nimesimama, niko maabara."

"Kaa."

Nikamweleza yote, tangu jiwe nililokalia mpaka kikapu. Kisha akasema, "Mjomba, mimi nimebadilisha lenzi. Nimebadilisha maji. Nimegombana na fundi ambaye hana kosa lolote. Nimekuuliza mara ngapi?"

"Nyingi."

"Jumapili nilikuuliza nikiwa nimekaa kwenye kigoda chako."

"Ulikaa."

Alihema. Nilisikia kiti kikivutwa. Nilisubiri anitukane na ningekubali, lakini alichofanya ni kufungua daftari, nilisikia karatasi. Akauliza vijiti vilikaa kwenye maziwa siku ngapi. Sijui. Maziwa mabichi au ya mgando? Sijui. Vilirudishwa motoni mara ngapi? Sijui. Kibuyu kilioshwa kwa maji kwanza? Sijui, mwanangu.

"Mpe simu mama," akasema.

Wakaongea muda mrefu sana. Nilisikia mke wangu akijibu yote bila kufikiria, kama mtu anayetaja majina ya watoto wake: maziwa ya jioni, yamelala usiku mmoja, kijiti cha unene wa kidole, kisitoe moshi mweusi kabla ya kuingia, kikitoa moshi mweusi bado ni kibichi. Kijiti kipya hakifai mpaka kitumike wiki mbili hivi. Mara moja alicheka. Mimi nilikuwa nimeshika kuku aliyeingia jikoni, nikabaki nimemshika tu.

Waliponirudishia simu, Paskalina akanieleza kwa kifupi. Maziwa yana protini, na ndani ya protini kuna naitrojeni. Naitrojeni ikijipenyeza katikati ya kaboni, mwanga unakuwa mkali. Hilo wanalijua, kuna wanaotia dawa za dukani kwa makusudi ili walipate. Lakini haiwezekani kuliandika kwa kudhani. Lazima vijiti vipimwe. Inawezekana ni maziwa, inawezekana ni ule moto wa kurudia rudia, inawezekana ni jambo jingine kabisa. Akasema sauti yake ikiwa imechoka, "Na kabla ya hapo profesa lazima aambiwe. Nikimwambia mimi, ataona nimetafuta hadithi ya kujiokoa."

Nikasema nitampigia mimi.

Profesa ni mama mtu mzima, sauti ya chini, haongei haraka. Nilimpa shikamoo, akaitikia. Nikajitambulisha. Nikasema maelezo ya mwanzo hayakuwa sahihi, na nikayasahihisha moja moja. Mti sikuukata. Shimo halikuwepo. Nilipofika kwa chui nilitaka kupita bila kumtaja, lakini akasema, "Na yule mnyama? Binti aliniambia kuna mnyama." Nikasema naye hakuwepo.

"Kwa hiyo ulidanganya, mzee."

"Ndiyo, profesa."

"Kwa nini?"

Nimeongea na wakubwa wengi maishani. Maneno huwa yanakuja yenyewe. Leo nilisema tu kwamba goti lilinishinda kupanda mlima nikaona aibu.

Akasema na yeye ana goti. Akasema ile barua ilikuwa mezani kwake, ya kumwita Paskalina mbele ya kamati, na kwamba bado haijatiwa saini. Kisha akanipa masharti yake. Matokeo ya mfuko wa kwanza yatawekwa kando, hayahesabiwi wala hayafutwi. Leza ina nafasi Ijumaa, siku hiyo moja, baada ya hapo imeahidiwa watu wengine mpaka mwisho wa muhula. Ijumaa vidonge vitatengenezwa vipya mbele yake: vya mkaa wa shimoni, na vya vijiti vya kibuyu, leza ikiwa kwenye mipango ileile, bila kugusa kifundo hata kimoja. Na aliyeviandaa vijiti awepo mwenyewe aeleze kila hatua, siyo mtu mwingine kumwelezea.

"Vikiwaka, barua naichana na binti anaendelea, tena atakuwa na jambo la kuandika ambalo sijaliona popote. Visipowaka, anaanza upya, na mimi nitakuwa na kazi ya kueleza nilichowaandikia wenzangu. Umenielewa?"

Nilielewa. Nikauliza kama na mimi nije. Akasema hapana, asante.

Kwa hiyo Mama Samweli anasafiri kesho. Pikipiki inamfuata alfajiri mpaka Katesh, halafu basi. Hajawahi kufika Arusha. Mimi nimefika mara nyingi, na mchana wote huu nilikuwa namweleza mambo ya stendi, watu wa kuogopa, pa kushika mkoba. Akaniambia nimwachie, atauliza mwenyewe.

Amechagua vijiti kumi na viwili. Alivichagua kwa kunusa. Viwili nilivyodhani ni vizuri kabisa alivirudisha kikapuni, na nilipouliza kwa nini akasema hivyo ni vya kibuyu cha ndama, maziwa yake siyo yale. Amevifunga kwenye kanga. Nilitaka kuvibeba nivitie kwenye begi, akanyoosha mkono kunizuia.

Nikiri na hili. Kilichoniuma siyo tu ya Paskalina. Kilichoniuma, hata leo wakati profesa anaongea, ni kwamba jina langu halitakuwepo kwenye kitabu. Nilikuwa nimeshawaambia watu ukurasa. Nimejichunguza hapa nyuma ya nyumba kwa saa nzima na bado kinauma, basi nakiandika kama kilivyo.

Profesa ameagiza pia maelezo ya maandishi kutoka kwangu, yenye saini, yaende pamoja na mzigo. Nimeyaandika kwenye karatasi ya daftari, mara ya kwanza yakawa kurasa tatu, mara ya pili moja, mara ya tatu mistari minne. Mke wangu ameyasoma polepole, kidole kikifuata maneno. Nilikuwa nimeandika kwamba mkaa wa mfuko wa kwanza uliandaliwa na mke wangu, Mama Samweli. Akaniambia hapana, andika jina. Huko Arusha hawamjui Samweli.

Nikafuta. Nikaandika: Mkaa wa mfuko wa kwanza uliandaliwa na Martha Gidahoda, wa Getanuwas, kwa namna aliyofundishwa na mama yake. Mimi niliuchukua bila kumwambia na kuupeleka stendi. Hakuna kingine nilichofanya.

Akasoma tena, akaikunja karatasi, akaitia kwenye kanga pamoja na vijiti.

Sasa anakwenda kwa Mama Daudi kabla jua halijazama, na mimi nafuata nyuma. Akirudi Jumamosi tutajua. Mpaka hapo kazi ya ng'ombe wote tisa ni yangu, na maziwa ya jioni lazima yalale kwenye kibuyu kilichosuguliwa, maana Paskalina anaweza kuhitaji vijiti vingine. Niliwahi kuandika humu kwamba nikiwa kijana nilikamua ng'ombe ishirini kabla ya jogoo wa pili.

Sijawahi kukamua hata mmoja. Kesho alfajiri naanza.